Mtutu mfupi au mrefu? Nina Glock 17, nafikiria kuhamia 26

BabaSwaumu_Kisauni

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Cheti cha silaha ninacho mwaka wa tano sasa na bastola yangu ni Glock 17. Kusema kweli sikuichagua. Rafiki aliyenitangulia alikuwa nayo, nikasema na mimi hiyo hiyo. Renji, uwanja wa kulengea shabaha, naenda mara moja kwa mwezi, mara mbili nikiwa na pesa ya risasi. Kupiga napiga, si haba. Kazi iko kwenye kuibeba.

Wa bara hamtanielewa. Huku mwezi wa tatu mtu havai koti. Mimi ni shati la mikono mifupi, nje ya suruali, kitambaa chepesi ambacho saa tatu asubuhi kishanata mgongoni kwa jasho. Bastola inakaa ndani ya suruali, upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga. Juma lililopita nimeinama kumtolea mteja boksi la misumari chini ya kaunta, mwanawe wa miaka sita hivi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Baba, yule mjomba ana nini mgongoni?" Baba mtu akanitazama. Nikasema ni simu.

Sasa nataka kuomba kubadilisha, nichukue Glock 26, ile fupi. Mtutu wa 17 ni milimita 114, wa 26 ni 87. Huyu ananiambia mtutu mfupi unakosa shabaha, yule ananiambia risasi haina nguvu, wa tatu anasema Glock 19 ndiyo ya katikati, mtutu 102, nisijisumbue. Mmoja kanishauri nibaki na 17 nivae kanzu. Kanzu nikiwa juu ya ngazi nashusha mabati?

Hizo milimita 27 zina uzito gani hasa? Naomba jibu la aliyepiga zote mbili kwa mkono wake. Video nishazitazama za kutosha.

---

Msumari_Nchi4

Simu ndiyo uongo uliokupata? Ungesema ni futi ya kupimia, una duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa dhati: 26 ninayo mwaka wa tatu. Inafichika. Lakini kidole changu cha mwisho hakina pa kushika, kinaning'inia chini ya mpini, na nikitoka renji kiganja kinauma. Ningeanza upya ningechukua 19.

---

MwalimuMstaafu

Marahaba, Baba Swaumu.

Kabla ya milimita, niambie: yule mtoto alionyesha kidole wapi? Juu ya mshipi au chini ya mshipi?

Sitakungojea, najua ni juu. Mtutu wako umo ndani ya suruali, umelala nyuma ya nyonga. Ungekuwa mrefu kama rula ya shule, mtoto asingeuona. Kilichotokeza ni mpini. Ukiinama, kiwiliwili kinakwenda mbele, mpini unabaki nyuma umesimama kama wa jembe lililokitwa shambani. Waliokuja kwangu wakiulalamikia mtutu mrefu, wengi walikuwa wanaulalamikia mpini bila kujua. Na kosa si lao, maana viwanda hufupisha vyote viwili kwa pamoja: ukinunua mtutu mfupi umepewa na mpini mfupi, ukaona shati limetulia, ukaushukuru mtutu.

Nimefundisha watu bastola miaka 22, kwanza nikiwa na sare, kisha raia. Nilikuwa naichora ubaoni kwa chaki, halafu napitisha mstari pale mshipi unapokatiza. Chini ya mstari kuna mtutu na sehemu kubwa ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua: hapo mwenzake ni mwili wako na kiti cha gari. Juu ya mstari kuna mpini: hapo mwenzake ni shati na macho ya watu. Anayetaka kuficha apunguze cha juu. Anayetaka kukaa vizuri garini apunguze cha chini. Wagonjwa ni wawili na kila mmoja ana dawa yake. Glock wenyewe mwaka 2018 walitoa 19X, mpini wa 17 na slaidi na mtutu wa 19. Tamu sana kupiga, mkono wote unaenea. Kwako wewe ingekuwa imekatwa upande usiokuuma.

Tena kuna jambo watu hawalikubali mpaka walione. Mtutu ulioenda chini kidogo *unasaidia* kuficha. Bastola iliyo ndani ya suruali ni kama ubao wa pembea: mshipi uko katikati, magazini, kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini, ikiwa imejaa iko juu na ndiyo nzito. Mtutu ukiwa kifundo tu, huku chini hakuna cha kuegemea mwili, basi huku juu kunapinduka kwenda nje. Mtutu wa 102 au 114 unabanwa na suruali chini, nao unaurudisha mpini ubavuni. Nimeona 26 ikichomoza kuliko 19 kwa mtu yule yule, shati lile lile, kwa kuwa mshipi wake ulikuwa kamba.

Sasa shabaha. Bastola ya mtutu mfupi ukiifunga kwenye jiliwa, risasi zake zitapangana vizuri tu. Inayobadilika ni nafasi kati ya saiti ya mbele na ya nyuma, zile alama unazolengea. Kwa 17 ni kama milimita 165, kwa 19 ni 153, kwa 26 ni 137. Tupige hesabu ya darasa la sita. Tuseme saiti ya mbele imeyumba milimita moja nzima, ambalo ni kosa kubwa, unaliona kwa macho. Kwa mita 7, risasi ya 17 itakwenda pembeni milimita 42. Ya 19, milimita 46. Ya 26, milimita 51. Kati ya mkubwa na mdogo ni milimita 9, yaani unene wa risasi yenyewe! Rudi hadi mita 25 kosa lile lile linakuwa 152 kwa 182, hapo sentimita tatu zimetokea. Wewe pima kutoka kaunta hadi mlango wa duka ni mita ngapi, uje uniambie.

Nguvu. Baruti inaendelea kuisukuma risasi muda wote iliomo ndani ya mtutu, kwa hiyo ukikata mtutu umekata msukumo. Risasi ya 9 mm yenye gramu 8 inatoka kwenye mtutu wa inchi nne kwa mita 340 au 350 hivi kwa sekunde. Kila inchi unayopunguza, milimita 25, kwa kawaida inakula mita 10 hadi 15, kutegemea risasi. Zitoe uone kinachobaki. Usikose usingizi. Utakachokiona kweli ni moto: baruti isiyomaliza kuungua ndani inamalizia mdomoni, na jioni unamulikwa mwenyewe. Mlio pia ni mkali zaidi, vaa vizibo vizuri.

Kinachonikera mimi kwa mitutu mifupi ni slaidi. Slaidi fupi ni nyepesi na safari yake ya kwenda nyuma ni fupi, basi inawekewa springi ngumu ili isijigonge. Kutoa ganda, kuchukua risasi mpya, kufunga, vyote vinafanyika katika nafasi ndogo na kwa haraka. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho, ganda linabanwa mlangoni limesimama wima kama mshumaa.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mfanyabiashara wa mkaa, kifua kama mlango wa ghala. Alinunua fupi. Magazini moja ya risasi 10, ikamkwama mara tatu. Akasema kauziwa mbovu. Nikaichukua nikapiga kumi, zikatoka zote. Nikamrudishia, safari hii nikachuchumaa pembeni niutazame mkono wake wala nisiitazame shabaha. Kidole chake cha mwisho, kwa kukosa pa kushika, kilikuwa kinajikunja hewani kila anapofyatua, na kikijikunja kinavuta kile cha pete, kiganja kinaachia. Mtu wa kubeba magunia! Nikamwambia akikunje kidole kile chini ya magazini akiache hapo hapo, asikitumie. Ikakwama mara moja tu katika hamsini zilizofuata.

Kwa hiyo Baba Swaumu, usiende kuomba mabadiliko kwa sababu ya mtoto wa mteja. Unavaa mshipi gani? Na holsta, ala ya bastola, ni gani? Jibu hayo kwanza.

Halafu, akitokea mtu wa kukuambia ununue mtutu peke yake ubadilishe nyumbani, mkimbie. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inahesabu na kipande cha silaha kuwa silaha. Mtutu haununuliwi kama plagi ya gari.

---

DadaWaRenji_Nrb

Mwalimu, heshima zako. Nakazia hapo kwa springi.

Mimi nilipoenda kuchagua ya kwanza, muuzaji hakuniuliza lolote. Alinitazama tu akaniletea ndogo kuliko zote, "hii ni ya akina mama". Wueh! Kuikoki nilishindwa. Nilivuta ile slaidi mpaka kucha ikavunjika, yeye amesimama hapo anatabasamu. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na 19, nikaomba nijaribu, ikarudi kwa mvuto mmoja. Slaidi kubwa ina mahali pa kushika na springi yake haipigani nawe. Bastola ndogo kwa mkono mdogo, hiyo ni hesabu ya mtu ambaye hajawahi kuwa na mkono mdogo.

La pili: hesabu ya saiti aliyopiga Mwalimu ni ya saiti za chuma. Mimi nimeweka kioo cha nukta nyekundu. Hapo hakuna ya mbele na ya nyuma, kuna nukta moja, popote ilipo ndipo risasi inapokwenda. Mtutu mrefu unanipa slaidi nzito isiyoruka sana, basi. Ila kioo nacho kinaongeza kitu juu ya mshipi, na jasho la Mombasa na pamba za shati zitakaa kwenye kioo chako kila siku.

Na kama una mpango wa mashindano, soma vitabu vya kanuni kabla hujapenda. Jamaa yangu wa renji alijinunulia Glock 34, mtutu milimita 135, akijua mrefu ndiyo mzuri. Akaja IPSC, mashindano ya kimataifa ya shabaha, akitaka kuingia Production, daraja la bastola za kawaida za kiwandani. Mwisho wa mtutu kule ni milimita 127. Milimita nane zikamtoa, akaenda kushindana na watu wa daraja lingine, wenye vyuma vilivyochongwa kila upande. Alirudi amenuna mwezi mzima.

---

Mtanga_Edmonton

Salaam kutoka baridini. Nawasoma mnavyobishania milimita nacheka peke yangu, maana huku Kanada milimita ni kifungu cha sheria.

Sheria ya hapa inasema bastola yenye mtutu wa milimita 105 au pungufu ni marufuku, isipokuwa kwa wachache waliokuwa nazo tangu zamani. Sasa 19 ya kawaida ni 102. Imekosa kwa milimita tatu! Glock wakatengeneza 19 ya Kanada peke yake, mtutu 106. Ukiziweka mezani pamoja, hutaona tofauti mpaka ushuke uso kwenye mdomo wa mtutu, kimechomoza kipande chembamba kama ukucha. Hiyo 26 unayoitamani, Baba Swaumu, huku hata kuiota usiiote.

Yangu ni 17, niliinunua mapema. Tangu tarehe 21 Oktoba 2022 raia hanunui wala hauzi bastola hapa, ukiacha watu wachache wenye msamaha maalumu, kwa hiyo niliyo nayo ndiyo niliyo nayo. Na siibebi. Inatoka kwenye kasha la kufuli nyumbani, inaingia kwenye buti la gari ndani ya kasha lingine, inafika klabu, inarudi. Kwa mtu kama mimi anayetoboa karatasi kwa mita 20, mtutu mrefu hauna hasara hata moja. Wewe unayeivaa kutwa una mambo mengine. Nikisoma habari ya shati jepesi na jasho nakumbuka Tanga mpaka basi.

---

BabaSwaumu_Kisauni

Nimerudi. Imechukua siku kumi, nilitaka nije na kitu mkononi.

Mwalimu, ni juu. Nimemwuliza mama Swaumu anitazame nikiinama na bastola tupu, kasema "huo mkono wake ndio unaonekana, chini hakuna kitu". Miaka mitano sijamwuliza.

Kutoka kaunta hadi mlangoni nimepima kwa futi yangu mwenyewe: mita tano na nusu.

Mshipi naona haya kuusema. Nilinunua Marikiti, shilingi 400, unaitwa ngozi lakini ukiukunja unatoa magamba. Nikiuvaa na 17 iliyojaa risasi 17, upande wa kulia suruali inashuka, nami kutwa naipandisha.

Renji nilikwenda Jumamosi. Nikaomba nipige 26 ya pale, mwalimu wa zamu amesimama nyuma yangu. Mita 7, risasi kumi kwa kila moja, mara tatu. 17 yangu zote zinaenea kwenye kisosi cha chai. 26, mzunguko wa kwanza ulikuwa sahani ya wali. Wa pili bado sahani. Wa tatu nikafanya ulivyosema, kidole nikakikunja chini ya magazini nikakisahau, ikarudi kwenye bakuli hivi. Haikukwama, alhamdulillahi, lakini teke lake nimelisikia hadi kwenye kiwiko. Ilipofika jioni nikapiga tano za mwisho, na moto nikauona, wa rangi ya chungwa, kama mtu amewasha kiberiti mbele ya pua yangu. Kwa 17 sijawahi kuuona vile.

Ya 19 sikupata, ilikuwa kwa mtu mwingine.

Basi sijaomba mabadiliko. Nimekwenda kwa fundi viatu Bondeni, nikamwambia nataka mshipi wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana wa inchi moja na nusu. Akaniuliza ni wa kufungia punda? Shilingi 1,800. Nimeuvaa siku nne. Mpini umelala. Suruali haishuki. Jana nimeinama mbele ya mteja mzima mzima, hakuna aliyesema kitu, ila huyu hakuja na mtoto.

Kilichobaki ni gari. Nina Probox, kiti chake kimechoka, na nikikaa mdomo wa mtutu unasukumwa na kiti, bastola yote inapanda juu hadi mbavuni. Hiyo kweli ni habari ya mtutu, au nayo ni mpini?

Na mnicheke tu: yule wa video alisema holsta ikae "saa nne", yaani mwili ni uso wa saa na kitovu kiko kwenye 12, nne yao ni ile namba 4. Siku ya kwanza, miaka mitano iliyopita, niliiweka pale mshale unapokaa ikiwa saa nne yetu. Ubavu wa kushoto, mbele. Nikashinda siku nzima najiuliza hawa Wamarekani wanaitoaje.

---

MwalimuMstaafu

Saa nne! Nimemsomea mke wangu, ametoka nje kucheka.

Kwa saa yetu iweke saa kumi, usawa na mfuko wa nyuma, kisha uivute mbele hadi saa tisa na nusu, mshono wa suruali nyuma kidogo tu. Hapo kiti hakiukuti mdomo wa mtutu. Kama bado, ndiyo, hiyo sasa ni habari ya mtutu, na milimita 12 za 19 utazisikia hapo kuliko kwenye shabaha. Ukiipata 19 siku nyingine, ikae kiunoni ukiwa kwenye kiti chako kile kile, ikiwa tupu, kabla hujaipiga hata risasi moja. Watu hujaribu bastola wamesimama, nao maisha yote wamekaa.

Kisosi kwa mita 7 si kibaya. Nataka kikombe. Toa magazini, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, mara mbili, risasi ziweke chumba kingine, lenga ukutani pasipo na mtu nyuma. Weka sarafu ya shilingi kumi juu ya slaidi nyuma tu ya saiti ya mbele, ufyatue. Isianguke. Mara ishirini kila usiku.

---

BabaSwaumu_Kisauni

Imeanguka mara kumi na nne katika ishirini. Swaumu ndiye anayeiokota, anasema inayoanguka ni yake.

Na huu mshipi, Mwalimu, kwa jasho la huku utadumu?

---

MwalimuMstaafu

Mwambie fundi akushonee wa pili, uwe unaubadilisha kila siku ya tatu, ule mwingine utundike kivulini. Na bastola ifute kila usiku kwa kitambaa chenye tone la mafuta, nje ya mtutu na ndani, chumvi ya Kisauni haingoji Jumamosi.

Mpe mtoto pesa zake.